Mfereji wa Maji Matamu

Walipogeuka kurudi, njia haikuwapo. Saa moja tu iliyopita walikuwa wamepita mchangani chini ya jabali, viatu mkononi, wakaizunguka pua ya mwamba mpaka kwenye magofu ya hekalu. Sasa palipokuwa na mchanga palikuwa na bahari, tena bahari yenye hasira. Upepo ulikuwa ukiisukuma, na kila wimbi lilipiga jabali likarudi na kishindo.

Fundi bomba alijaribu. Aliingia mpaka kiunoni, wimbi likamwinua, likambamiza mwambani, likamrudisha kwenye ngazi za hekalu bila simu mfukoni. Mama mkwe wake alishuka ngazi mbili kumpa mkono, kisha, kabla haujamfikia, akaona haya akaurudisha. Katika kusitasita huko akateleza. Kifundo kilipinda, na muundi ukachanika kwenye ukingo wa jiwe.

"Damu nyingi, Mama?" Fundi aliuliza, akitazama pembeni.

"Ya kutosha," mama mkwe aliijibu nguzo.

Ndivyo walivyozungumza kwa miaka tisa. Mtu na mkwewe wakiheshimiana kupita kiasi huishia kutojuana, na hawa wawili walikuwa mabingwa. Maneno yao mengine yote yalipitia kwa mke wa Fundi. "Mwambie mumeo chai ipo." "Mwambie Mama nimeshiba." Na wote watatu wamekaa meza moja! Leo mke alibaki nyumba ya wageni na pacha wao wenye homa, akawahimiza hawa waende wenyewe, maana wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja wa udadisi. Mama mkwe, mshonaji wa miaka arobaini, alitaka kuona jua likishuka katikati ya mlango wa hekalu. Fundi alitaka kujua watu wa kale walikunywa nini hapa penye chumvi tupu. Kila mmoja aliona maji yanajaa, na kila mmoja akaona si adabu kumharakisha mwenzake.

Jua lilikuwa limefika mlangoni, jekundu, kubwa, zuri kweli. Hakuna aliyelitazama. Mama mkwe alifunga jeraha kwa kitambaa cha kichwa, akakaza fundo kwa meno. Kisha akachechemea hadi ukutani, akavua futi yake ya kushonea iliyoning'inia shingoni kama kawaida, akapima kutoka sakafuni mpaka mwisho wa kome walioushika ukuta.

"Baba Pacha," alisema, na Fundi akashtuka, kwani hakuna aliyekuwapo wa kupeleka ujumbe. "Kome wamefika futi nne na nusu, basi maji hufika hapo. Mimi mwenyewe ni futi tano. Unajua kuogelea?"

"Mimi maji yangu ni ya bomba, Mama."

"Na mimi ni ya ndoo."

Jabali nyuma yao lilisimama wima, laini, halina pa kushika. Lakini chini yake, pale lilipoungana na hekalu, kulikuwa na tundu la mraba, na kutoka humo maji membamba yalitiririka kwenye mfereji wa mawe uliochongwa kwa ufundi. Ndiyo yaliyomchelewesha Fundi. Alikuwa amelala kifudifudi mbele yake muda wote, akionja.

"Bado ni matamu," alisema sasa, akilamba kidole. "Chumvi haijaingia popote. Mfereji ni mzima."

"Yanatoka wapi?"

"Juu. Maji hayapandi mlima."

Mama mkwe aliinama. "Na hicho cheupe?"

Lilikuwa povu. Lilikuja likizunguka polepole, likapita, likafuatwa na jingine. Fundi alilichota, akaonja tena.

"Sabuni."

"Umeonja maji ya watu ya kufulia?"

"Nimewahi kuonja mabaya zaidi, Mama. Kazi ndiyo hiyo." Aliweka kiganja kwenye tundu. Hewa baridi ilimpuliza. "Huko juu kuko wazi, na kuna mtu anafua."

Futi ilitoka tena. "Upana inchi ishirini na mbili," alisema mama mkwe. "Wewe mabega ishirini."

Fundi alijiuliza amejuaje, kisha akakumbuka kwamba ndiye aliyemshonea suti ya harusi.

"Tangulia, Mama. Ndani pakibana nikakwama, wewe uwe umeshapita."

Mama mkwe alilitazama tundu, akaitazama bahari. "Nitambae, na mkwe wangu yuko nyuma yangu? Hapana. Bora hiyo bahari."

Fundi angebisha, lakini wimbi lilipanda sakafu, likawalowesha mpaka magotini. Akawasha kitochi chake cha kazini, akakiuma, akaingia.

Ndani kulikuwa na baridi ya kukata mifupa. Maji yalipita chini ya tumbo lake, na dari ilimkwaruza mgongo. Kuta zilijaa alama za patasi, maelfu kwa maelfu, safi kama zimechongwa juzi. Fundi aliogopa, lakini pia alitaka kusimama kila hatua azipapase. Nyuma alisikia magoti ya mama mkwe na pumzi yake nzito.

"Wamechonga kuelekea juu au chini?" aliuliza mama mkwe.

"Mama, hebu tutoke kwanza."

Walikuwa wamekwenda labda hatua sitini kwa kipimo cha kutambaa pale kuta zilipomshika. Alisukuma mbele, hakwenda. Alisukuma nyuma, hakurudi. Na kwa kuwa sasa yeye ndiye kizibo, maji yaliyokuwa yakishuka yakaanza kujaa mbele ya uso wake. Yalifika kidevuni. Kitochi kikamtoka mdomoni, kikazama. Huku nyuma bahari ilikuwa imeufikia mdomo wa tundu, ikiugonga.

"Mama, nimekwama. Maji yanapanda."

Kisha mkono ukamshika kifundo cha mguu, ukakaza. Katika miaka tisa hakuwahi kumgusa.

"Nisikilize, baba. Mficha uchi hazai. Ile suti yako ya harusi, nilikupima ishirini, nikakata kumi na nane. Makusudi. Nilitaka ikukatae, binti yangu aone ni mkosi."

Fundi alitema maji yaliyomwingia mdomoni.

"Lakini siku ile ulisimama mbele za watu umeivaa, vifungo vimefungwa. Sikulala kwa kuwaza. Uliivaaje?"

Aliinua pua juu ya maji. Akakumbuka chumba kile, jasho, kaka yake akivuta kola. "Mkono mmoja kwanza. Juu kabisa. Bega la pili nikaliangusha. Nikatoa pumzi yote."

"Basi ivae tena."

Alinyoosha mkono wa kulia mbele mpaka kiungo kikalia, akaubana wa kushoto ubavuni. Akaitoa pumzi, yote, na uso ukazama. Nyuma, mama mkwe aliweka bega lake kwenye nyayo zake, akasukuma kwa nguvu zote za mwanamke aliyekanyaga cherehani miaka arobaini. Shati lilichanika. Ngozi ya mabega ikafuata. Kisha jiwe likamwachia, na maji yaliyozuiliwa yakamporomokea mama mkwe.

"Mama?"

Alikohoa, akatema. "Nipo. Twende."

Walitambaa gizani, mfereji ukipanda na kupanda, mpaka mwanga wa jioni ukawapokea kwenye birika la mawe, juu kabisa ya jabali, ambapo dobi mmoja alikuwa akikamua mashuka. Aliuona mkono ukitoka shimoni, akakaa chini taratibu.

"Mnatoka wapi?"

"Hekaluni," alisema Fundi.

"Hekalu liko chini."

"Ndiyo."

Dobi aliinuka. Aliwafunika mashuka makavu, akawapa simu. Mke wa Fundi alifika na teksi kabla giza halijashika, akiwa analia. Akamkuta mama yake amekaa ukutani, mguu umeinuliwa juu ya paja la mkwewe, na Fundi akilifunga upya jeraha lake, wote wakiongea kwa mkupuo mmoja.

"Walianzia juu," Fundi alikuwa akisema. "Maji ndiyo yaliyowaongoza."

"Walianzia pande zote mbili, baba. Alama za chini zinalala huku, za juu nilizipapasa gizani, zinalala kule. Pale ulipokwama ndipo walipokutana. Kila upande ulidhani mwenzake atamalizia kupapanua."

Fundi alitafakari, akacheka mpaka mabega yakamuuma.

Mke alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kwa mazoea akamgeukia mumewe. "Mama anasemaje?"

"Pisha kidogo, mwanangu," alisema mama mkwe. "Tunazungumza."