Taa Ambayo Haikuwaka

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Kidole na mama yake mdogo walisoma magari. Ndivyo walivyoiita kazi hiyo. Mama mdogo alikuwa na yadi ya kuuza magari yaliyotumika, yale ya bei nafuu yaliyokwisha kupita mikono mingi, na hakuna gari lililoonyeshwa kwa mteja kabla halijasomwa. Yeye alisimama nje akitaja kifaa kimoja kimoja. Kidole, msichana wa miaka kumi na miwili, alikaa ndani, akakijaribu, kisha akajibu kwa sauti.

"Redio?"

"Ipo, inaimba."

"Feni?"

"Ipo, ila inakohoa."

"Vioo?"

"Vya kuzungusha kwa mkono. Cha kushoto kigumu hicho, Mamdogo, utadhani kimegoma!"

Jina la Kidole alibandikwa na familia nzima, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuweza kuona kitufe asikibonyeze. Nyumbani tabia hiyo ilimponza mara nyingi. Pale yadi ilikuwa kazi ya heshima, na ilikuwa na sheria moja tu: usiseme kitu kipo mpaka umekigusa, au umekiona kwa macho yako kikifanya kazi.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya gari dogo jekundu la milango miwili. Lilikuwa la zamani, rangi imepauka juu ya paa na kiti cha dereva kimechanika ubavuni, lakini umbo lake lilimfurahisha Kidole kupita kiasi. Nyuma kulikuwa na nembo inayong'aa, ile inayowekwa kwenye magari ya daraja la juu, yaani yale yanayotoka kiwandani yakiwa na vifaa vyote.

"Mifuko ya hewa?" Mama mdogo aliuliza.

Mifuko hiyo hukaa imekunjwa ndani ya usukani na dashibodi. Gari likigonga, hufumuka ghafla ikakinga kichwa na kifua. Kwa kuwa imefichwa, huwezi kuigusa. Unafungua swichi kwa ufunguo na kutazama dashibodi: taa ndogo nyekundu yenye picha ya mtu aliyeketi huwaka, kisha ikazimika yenyewe. Kidole alilijua hilo vizuri. Lakini baada ya redio na feni ufunguo ulikuwa umerudishwa ofisini, miguu ilikuwa mizito, na katikati ya usukani kulikuwa na maandishi ya mfuko wa hewa, makubwa tu. Nembo ipo, maandishi yapo, sasa ahangaike na nini tena?

"Ipo," akajibu.

Mama mdogo akaendelea na kifaa kingine.

Adhuhuri alikuja mama mmoja mkunga, amevaa viatu vya kazini na macho yamemwiva kwa kukesha. Alilizunguka lile gari jekundu mara mbili, akatabasamu.

"Milango miwili inanitosha, naishi peke yangu," alisema. "Shida yangu ni moja. Wanaojifungua hawachagui saa. Juzi nikirudi alfajiri nilisinzia, nikashtukia nimeparamia ukingo wa barabara. Nilitoka mzima kwa bahati tu. Nimeapa, gari lisilo na mifuko ya hewa silipandi tena."

"Hili linayo," mama mdogo alimwambia. "Binti yangu huyu amelisoma asubuhi."

Kidole alijisikia mkubwa. Wakakubaliana kwamba mkunga angerudi jioni kulichukua, na Kidole akapewa ufunguo na ndoo ili alioshe gari na kulipangusa ndani.

Alipofika kwenye dashibodi alifungua swichi ili asikilize redio. Taa zikawaka: ya betri, ya oili, ya breki. Kidole akazitazama huku akiimba, kisha wimbo ukamkatikia mdomoni. Taa ya mtu aliyeketi haikuwaka. Akafunga swichi, akafungua tena. Haikuwaka.

Ndipo macho yake yalipoanza kuona yale ambayo asubuhi hayakutaka kuyaona. Magari ya daraja la juu yana vioo vya umeme, na hili lilikuwa na vioo vya kuzungusha. Kando ya usukani, mahali pa vitufe, palikuwa pamezibwa kwa vipande vya plastiki. Alifungua boneti, akapangusa kibati cha kiwandani chenye herufi zinazotaja aina ya gari. Mama mdogo alikwisha kumfundisha kuzisoma. Herufi ya mwisho ilikuwa ya daraja la chini kabisa. Kumbe mtu fulani alikuwa ameling'oa gari jingine usukani na nembo, akalivisha hili. Lilikuwa kama mtoto aliyevaa koti la kaka yake.

Labda taa imeungua tu, alijiambia. Labda mama mdogo hatajua. Alipangusa kioo kilekile mpaka kikalia. Lakini kila alipotazama kiti cha dereva alimwona yule mkunga, macho mazito, alfajiri, akiamini kuna kitu mbele yake cha kumkinga. Kidole alitupa kitambaa kwenye ndoo na kukimbilia ofisini.

"Mamdogo, taa ya mifuko ya hewa haiwaki. Asubuhi sikuijaribu. Nilisema ipo bila kuiona."

Mama mdogo alisimama kitini bila kumgombeza. Kidole angependa zaidi agombezwe.

"Mwite Cheche," mama mdogo alisema.

Cheche alikuwa fundi umeme wa jirani, mtu wa mzaha. Siku hiyo hakutania. Alichomoa waya wa betri, akasubiri kidogo kwa usalama, kisha akafungua kifuniko cha usukani kwa bisibisi. Mkunga aliingia getini wakati huohuo.

"Shikamoo, mama," Kidole alisema kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. "Nilikosea. Nilisema gari lina mifuko ya hewa, na sikuwa nimehakikisha."

Wote wanne waliinama kuchungulia. Ndani ya usukani kulikuwa na nyaya za honi na vumbi.

Mkunga alikaa juu ya tairi lililokuwa karibu. "Nami nilikuwa niondoke nalo leo," alisema polepole. "Nina zamu usiku huu." Akashusha pumzi ndefu. "Huwezi kuniwekea huo mfuko, fundi?"

"Mama, mfuko una vifaa vyake vingine vya kuuambia ufumuke lini," Cheche alijibu. "Nikiweka mfuko peke yake, nitakuwa nimekuwekea mto."

Mkunga akacheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akafuta machozi. Kidole naye akahisi kifua kikifunguka.

Gari jekundu liling'olewa nembo, na baadaye likachukuliwa na chuo cha ufundi ili wanafunzi wajifunze kulifungua na kulifunga. Wiki mbili baadaye mama mdogo alipata ndugu halisi wa gari lile, wa daraja la juu kweli, milango miwili vilevile, rangi ya kijani isiyopendeza na kiraka mlangoni. Mkunga aliitwa. Safari hii Kidole alikuwa na ufunguo mkononi.

"Mifuko ya hewa?"

Alifungua swichi. Taa nyekundu ya mtu aliyeketi ikawaka. Wote wakaitazama. Ikazimika.

"Ipo!" Kidole alipiga kelele. "Nimeiona ikiwaka, nimeiona ikizimika!"

Cheche naye alilipima gari kwa chombo chake, akakubali kwa kichwa. Mkunga alimkumbatia Kidole kwa nguvu.

Mkunga alipokwisha kuondoka na Cheche amerudi karakanani kwake jirani, mama mdogo alimshika mpwa wake begani. "Siku ile sikukugombeza, kwa sababu ulikuja mwenyewe kabla gari halijatoka. Lakini usisahau. Mtu akitoka hapa anaondoka na gari na neno lako. Ukisema kipo, yeye analala usingizi juu ya neno hilo. Kwa hiyo hakikisha kwanza, na ukikosea, sema mapema, wakati bado tunaweza kurekebisha."

"Nimeelewa, Mamdogo."

"Haya, lile la buluu linatusubiri. Honi?"

Kidole aliingia, akabonyeza kwa nguvu zake zote. Ng'ambo ya ukuta Cheche aliangusha bisibisi.

"Ipo," Kidole alisema.