Jiwe la Mikono Miwili

Zama hizo, kabla misafara ya pembe haijafika uwanda wa Ntundwa, palikuwa na tuta la mawe, kaburi la mtu ambaye hata mababu wa mababu hawakumjua jina. Sheria yake ilikuwa moja. Apitaye huchomeka mkuki ardhini, hunyanyua jiwe la kubebwa kwa mikono miwili, huliweka juu ya mengine na kusema, "Lala, tunapita." Hata mahasimu wakikutana hapo waliweka mawe kwanza, wakatukanana baadaye.

Nyuma ya tuta hilo, jua likiwa utosini, alijibanza Kitundu, mwana wa mtemi, pamoja na mashujaa wachache. Alfajiri, Shango na wavamizi wake walikuwa wamemteka dada yake, Nyanzala. Wakimvusha mto, angeuzwa mbali asionekane tena. Kitundu hakutulia. Alichungulia, akajirudisha, akachungulia tena, ngao ya ngozi ya nyati ikiloa jasho mkononi.

"Wanakuja," alinong'ona Gwao, aliyemfundisha mkuki tangu utotoni. "Waache waweke mawe. Tutapambana nao mtoni."

"Mtoni watakuwa na mikuki, baba. Hapa hawatakuwa nayo."

Gwao alimkazia macho. "Mvunja nchi ni mwananchi, mwanangu."

"Maiti hana haraka. Dada yangu anayo."

Shango alichomeka mkuki wake, na watu wake wakafuata. Walipoinama kunyanyua mawe, Kitundu aliruka na wenzake. Havikuwa vita vya kuimbiwa. Shango alianguka akiwa bado amelikumbatia jiwe lake.

Kitundu alikata kamba za dada yake, akangoja kukumbatiwa. Nyanzala alimpita, akalitoa lile jiwe kifuani mwa Shango, akalipandisha juu ya tuta.

"Lala, tunapita," alisema. Kisha akamgeukia. "Umeniokoa, kaka, na Mungu akulipe. Lakini njia umetufungia."

Kitundu alicheka.

Nyumbani alipigiwa ngoma, na baadaye akarithi utemi. Lakini tangu siku ile hakuna aliyechomeka mkuki pale tena. Watu walipita mbiombio, ngao juu, wakiangalia nyuma, na tuta halikuongezeka. Kitundu mwenyewe alizungukia kinamasini, akisingizia kwamba huko kuna kivuli.

Alipofariki, wageni walikuja kumzika kutoka kila upande, mikuki mikononi, wakitazamana. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuuachia wake ili aweke jiwe kaburini. Nyanzala, mvi zimemjaa, alipenya katikati yao na mikono mitupu, akanyanyua jiwe, akaliweka.

Hilo ndilo jiwe pekee lililo juu ya kaburi la mtemi Kitundu.