Mazuku Si Mizuka

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1999. Asubuhi hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Ziwa Kivu lilikuwa limetulia kama maji ndani ya beseni, na moshi wa majiko ya Nengo, mtaa wa mji wa Gisenyi, haukupanda juu. Ulitambaa chini kwa chini baina ya nyumba, kama paka anayetafuta pa kulala.

Gatesi alikuwa kwenye foleni ya bomba na madumu yake mawili ya njano. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Kila asubuhi, tangu familia yao ifikie kwa shangazi yake Béata, kazi yake ilikuwa kuteka maji, kufagia ua, kisha kumbembeleza mdogo wake Cyusa wakati mama akikoroga uji. Leo kulikuwa na agizo jingine. Maji hayo asiyapeleke kwa shangazi. Ayapeleke moja kwa moja kwenye nyumba mpya.

Nyumba mpya! Kila alipoyakumbuka maneno hayo, shingo yake ilinyooka yenyewe.

Gatesi alizaliwa Karagwe, Tanzania. Waliporudi Rwanda walikaa kijijini Umutara, mpaka baba yake, Ildephonse, fundi seremala, alipopata kazi katika karakana moja ya mjini Gisenyi. Nyumbani walisema Kinyarwanda, lakini hapa mpakani mwa Kongo shughuli nyingi zilikwenda kwa Kiswahili, na baba alifurahi. "Mungu alitusomesha lugha ya huku kabla hatujafika," alisema.

Walizunguka mitaa mingi wakitafuta pa kuishi. Mwishowe zikabaki nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa hapa juu, karibu na bomba. Ilikuwa na vyumba viwili vidogo, imebanana na nyumba ya muuza samaki, na kila alfajiri wachuuzi waendao Grande Barrière, kituo kikubwa cha mpakani, walipita dirishani wakiitana. Ya pili ilikuwa bondeni. Hiyo ilikuwa na ua mpana, migomba, na chumba cha nyuma kilichochimbwa chini kuliko vingine, unakiingia kwa kushuka ngazi. Kilikuwa na ubaridi kama mtungi.

"Humo watalala watoto," baba aliamua. "Joto halitawajua."

Niyonzima, komisioneri, yaani mtu anayewatafutia wageni nyumba za kupanga, alikuwa amemwonya. Yeye alikulia Goma, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. "Mi nakuambia ukweli, baba. Pale chini iko mazuku. Lakini nyumba ni muzuri kabisa."

Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipokuwa mtoto Karagwe, wakubwa waliwatisha watoto wasiotaka kulala kwa hadithi za mizuka, yaani mapepo ya gizani. "Ndugu yangu," alijibu, "mizuka haikai penye sala!"

Niyonzima alimtazama kidogo, akapandisha mabega. "Bon. Kama wewe huogope, basi."

Ndiyo maana asubuhi hiyo baba, mama akiwa na Cyusa mgongoni, na ndugu kadhaa wa kanisani, walitangulia bondeni kuiombea nyumba. Wakimaliza kusali wataiosha, na jioni familia itahamia.

Zamu ya Gatesi ilipofika, alisema kwa adabu, "Naomba kupita, tafadhali."

"Mumesikia?" Mukundwa alipaza sauti, akabana pua. "Na-o-mba ku-pi-ta, ta-fa-dha-li! We Mutanzania, maji haisikie tafadhali. Sukuma tu!"

Wasichana wote wakacheka. Mukundwa alikuwa binti wa yule muuza samaki, rika la Gatesi, na mikono yake ilinukia sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

Gatesi hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno. Kule Karagwe alikuwa wa kwanza darasani katika Kiswahili, na zawadi yake, kalamu ya wino, bado alikuwa nayo. "Hatusemi maji haisikie," alijibu. "Tunasema maji hayasikii. Na si mutu, ni mtu."

"Mutu, mtu, yote inakunywa maji!"

"Cheka tu. Leo tunahama. Tunakwenda kwenye ile nyumba ya bondeni, yenye migomba."

Kicheko cha Mukundwa kilikatika. "Ile ya chini? Ya Niyonzima? Mana yanjye, Mungu wangu! Pale iko mazuku!"

Sasa ikawa zamu ya Gatesi kucheka. "Mazuku! Hata kutamka huwezi. Ni mizuka. Na sisi hatuiogopi, sisi ni watu wa sala. Hivi sasa baba na wenzake wanakwenda kupiga magoti humo humo."

"Mbuzi ya mama ilikufia pale."

"Kumbe mbuzi wenu aliogopa mizuka?"

Foleni nzima iliangua kicheko, na safari hii aliyechekwa ni Mukundwa. Alijitwika dumu lake, akageuka. "We iko na Kiswahili ya kitabu," alisema. "Lakini mazuku haisome kitabu."

Gatesi alishuka na madumu yake akijiona mshindi. Lakini hakufika mbali. Neno moja lilimkwama kama mwiba wa samaki kooni. Mbuzi. Mtoto husimuliwa hadithi za mizuka, akaogopa. Mbuzi nani amemsimulia? Basi kilimuua nini?

Alisimama njiani. Ule moshi ulikuwa bado ukitambaa chini kuelekea bondeni, polepole, kama maji yanayotafuta shimo. "Ee Mungu," alinong'ona, "nifanye nini?"

Kuendelea mbele kulikuwa rahisi, njia ilikuwa ya mteremko. Kurudi nyuma kumuuliza msichana aliyemcheka mbele ya watu kulikuwa kama kupanda mlima na mzigo kichwani. Gatesi aliweka madumu kando ya njia, akarudi mbio.

Alimkuta Mukundwa nyumbani kwao, akimsaidia mama yake, Murekatete, kutandaza sambaza juani.

"Shikamoo, mama."

"Jambo, mutoto," alijibu Murekatete kwa mshangao, kwani salamu hiyo hakuizoea.

"Mukundwa, nisamehe. Nimekucheka bila kujua. Mazuku ni nini?"

Mukundwa alikunja mikono. "Aa! Leo Mutanzania amepata neno haijue!" Lakini alipoyaona macho ya mwenzake, utani ulimtoka. "Ni hewa mubaya. Inatoka mu udongo. Huione, hainuke. Inalala chini, mu shimo, kama maji. Asubuhi, kama upepo haiko, ndiyo inajaa. Ile mbuzi iliinamisha kichwa kula majani. Haikuinua tena."

"Na mtu?"

"Mutu akisimama, pengine anapita," alisema Murekatete. "Akiinama, ao akilala..." Aliangalia majani ya migomba, yaliyosimama kimya. "Baba yako iko wapi?"

"Wanapiga magoti," alisema Gatesi.

Walikimbia wote watatu, Murekatete akiwa na magamba ya samaki bado mikononi.

Kutoka mbali walisikia nyimbo. Kisha nyimbo zikanyamaza, na kimya hicho kilimtisha Gatesi kuliko kelele yoyote, maana alijua desturi ya nyumbani kwao. Wakimaliza kuimba, hupiga magoti.

Ndani, ndugu wa kanisani walikuwa wamejipanga mlangoni mwa chumba cha chini. Baba alikuwa ameshashuka. Alikuwa amewasha mshumaa na kuusimamisha sakafuni, ukazimika. Akauwasha tena, ukazimika tena, na upepo hakuna.

"Mnaona?" sauti yake ilisikika. "Adui hapendi nuru. Shukeni, ndugu zangu, tupige magoti pamoja."

Mama, Libérata, alikuwa katikati ya ngazi, akifungua kitenge ili amlaze Cyusa, aliyekwisha kusinzia, juu ya mkeka kule chini.

"Baba, usipige magoti!"

Watu wote waligeuka. Katika familia ile hakuna mtoto aliyewahi kukatiza sala.

"Gatesi! Umepatwa na nini?"

"Mama, usimlaze Cyusa! Mpandishe, mpandishe juu!"

Mama hakusubiri maelezo. Alimkumbatia mtoto kifuani, akapanda ngazi mpaka nje.

"Si mizuka, baba," Gatesi alisema huku akihema. "Ni mazuku. Ni hewa mbaya inayolala chini. Sisi ndio hatukulijua neno!"

Baba alikuwa amekunja goti moja, mkono ukutani. Alitaka kumkemea, lakini pumzi ilikuwa fupi kama ya mtu aliyepanda kilima. Ndipo alipokumbuka kwamba kichwa kilimgonga tangu alipoinama kuwasha mshumaa. "Mbona ninahema?" aliuliza.

"Panda kwanza, baba Gatesi!" Murekatete alipiga kelele. "Utauliza ukiwa juu!"

Alipanda, akiyumba, na ndugu wawili wakamdaka mikono bila kushuka.

Mukundwa alichukua mti mrefu wa kuegemezea mgomba, akafunga mshumaa kwenye ncha yake na kuuwasha. Akiwa amesimama ngazi ya juu kabisa, aliuteremsha chumbani taratibu. Usawa wa kifua cha mtu, mwali ulisimama vizuri. Usawa wa goti ukatetemeka. Chini ya hapo ulikufa, kama uliobanwa na vidole visivyoonekana. Aliuwasha tena, ukafa usawa ule ule.

Hewa hiyo ni hewa ya ukaa, ileile tunayoitoa tunapopumua. Lakini katika nchi za volkano hutoka ardhini kwa wingi. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya mabondeni na mashimoni, na hapo mshumaa hukosa hewa ya kuwaka na mtu hukosa hewa ya kuvuta. Jua kali na upepo huitawanya, lakini asubuhi tulivu huiacha ilale.

Niyonzima alikuwa amefika uani, kofia mkononi. "Mi nilisema, baba. Nilisema mazuku."

"Ulisema, ndugu yangu," baba alijibu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa ua, sehemu ya juu, Cyusa mapajani. "Masikio yangu ndiyo yaliyojibu kabla ya kuuliza. Lakini uliponiona nacheka, hukujua kwamba sikukuelewa?"

Niyonzima alitazama chini. "Nilijua. Nilifikiri nikieleza sana, utaacha nyumba." Akakunja kofia yake. "Unisamehe."

"Nimekusamehe. Ila usimkodishe mtu yeyote hiki chumba."

Saa hiyo hiyo baba aliomba nyundo, akaupigilia mlango wa chumba kile mbao mbili za kukatiza. Alipomaliza alichukua kipande cha mkaa, akampa binti yake. "Andika wewe. Mwandiko wako ni mzuri."

Gatesi aliandika kwa herufi kubwa: MAZUKU.

"Umeandika vizuri," Mukundwa alimchokoza. "Na kutamka, unaweza?"

Adhuhuri upepo ulianza kuvuma kutoka ziwani. Wakati huo familia ilikuwa inaingiza vitanda na masufuria katika ile nyumba ndogo ya juu, iliyobanana na ya muuza samaki. Ndugu wa kanisani walibeba mizigo, na majirani wa bombani walikuja kuwaona wageni. Nyumba ilinuka sambaza. Hakuna aliyelalamika.

Baba alisimama kizingitini, akaomba watu wamsikilize.

"Wapo watakaosema sala yetu haikusikilizwa," alisema. "Mimi nasema ilisikilizwa kabla hatujapiga magoti. Tulimwomba Mungu atulinde, akatutumia watoto wanaokimbia. Kosa lilikuwa langu. Nilipochagua mtaa nilitazama paa, ua na migomba, nikasahau kuwauliza wanaoishi humo. Kuuliza si ujinga, wanangu. Anayehamia mji mkubwa asichague kuta kwanza, achague majirani. Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo mwenyeji amekuja, mgeni amepona!"

Watu walipiga makofi. Baba akaweka mkono juu ya kichwa cha Gatesi.

"Siku ulipopata ile kalamu Karagwe, nilijivunia Kiswahili chako. Leo najivunia jambo kubwa zaidi. Ulijua mengi, na bado ulirudi kuuliza."

Gatesi alihisi fahari ikimpanda mpaka machoni, na haikufanana na ile ya asubuhi. Hii haikuhitaji mtu wa kuchekwa.

Murekatete alimsogelea, akijifuta mikono. "Asubuhi ulinisalimia, sikujua kujibu. Inajibiwa namna gani?"

"Marahaba, mama."

"Basi marahaba, mutoto wangu. Karibu kwa jirani."

Gatesi alipanda juu ya kizingiti, mahali ambapo kila mtu angemwona. "Naahidi mbele yenu nyote..." alianza.

"Hapana, hapana!" Mukundwa alimkata. "Sema na Kiswahili yetu, tusikie vizuri!"

Kicheko kilizagaa ua mzima, na Gatesi akacheka kuliko wote. Kisha alivuta pumzi ndefu ya upepo wa ziwani, akasema kwa sauti kubwa, mbele ya baba na mama, mbele ya ndugu wa kanisani na majirani wote:

"Mi naahidi mbele ya watu yote: sitacheka tena neno ya mutu, kama sijamuuliza kwanza iko na maana gani!"