Maktaba Aliyoifuta Hamdi

Kila Jumamosi asubuhi Hamdi alikuwa wa kwanza kufika chumba cha kompyuta cha shule yao pale Kiwanjani. Alipangusa vumbi, akawasha mashine, akafungua programu ya alama za mifugo. Programu hiyo ilihifadhi picha na alama za moto za ngamia na ng'ombe wa wafugaji wengi. Mnyama aliyepotea akionekana sokoni, mwenyewe alikuja kuchapishiwa karatasi ya ushahidi.

Jumamosi hii programu ilikataa kuwaka. Yalitokea maandishi mekundu tu: maktaba ya hifadhidata haipo.

Hamdi akakumbuka. Jana alitaka nafasi ya video za harusi ya shangazi yake, na kompyuta ilikuwa imejaa. Akaona folda kubwa asiyoijua, haijaguswa tangu Januari. Kwao, kiangazi kikinukia, mifugo isiyokamuliwa ndiyo huuzwa kwanza. Naye akaamua folda ile haitoi maziwa. Akaifuta.

"Salaam aleikum," sauti ilisema mlangoni. Alikuwa Mzee Dabaso kutoka Korbesa, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Waaleikum salaam, mzee. Karibu."

"Binti yangu, ngamia wangu jike yuko sokoni. Mfanyabiashara mmoja anasema ni wake. Kamati ya soko imenipa hadi adhuhuri nilete karatasi. Baada ya hapo anapakiwa kwenye lori, anakwenda kuchinjwa. Ndiye peke yake anayekamuliwa. Wajukuu wangu hawana maziwa mengine."

Mwalimu Nangiro, mlezi wa chama cha kompyuta, aliingia na kuyasoma maandishi mekundu.

"Maktaba hii ni faili zinazoifungulia programu mlango wa hifadhidata. Nani ameigusa mashine?"

"Hakuna, mwalimu," Hamdi alijibu. Neno lilitoka kabla hajalifikiria.

"Labda maktaba imehamia Biliqo kutafuta malisho," alisema Ewesit, mwanafunzi mwenzake aliyeingia nyuma ya mwalimu.

Mwalimu alikunja uso. "Faili haina miguu. Kama hakuna aliyeigusa, basi diski inakufa. Siwezi kuweka kitu chochote humu kabla ya kunakili kumbukumbu zote. Nikikosea, tunapoteza alama za watu wote."

Kazi ya kunakili ikaanza, ikatambaa kama kobe. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Mzee Dabaso aliketi kwenye benchi, bakora katikati ya magoti, haulizi kitu. Hamdi alitamani mzee amgombeze. Kila alipofungua mdomo, alikumbuka uongo wake wa asubuhi. Sasa angesemaje?

Ilipofika saa tano na nusu, mashine ilionyesha kwamba ilibaki saa moja na nusu. Mzee akasimama polepole.

"Basi, mwalimu. Mmejitahidi. Wacha niende nikamuage."

Akaokota bakora, akauelekea mlango. Machozi yakamtoka Hamdi.

"Mwalimu, diski ni nzima! Ni mimi. Niliifuta folda jana."

Ewesit alitazama sakafu. Mwalimu Nangiro alisimamisha kunakili, akaunganisha simu yake na kompyuta ili apate mtandao, akaipakua maktaba ile na kuisakinisha upya. Akaiwasha programu. Maandishi mekundu hayakurudi. Ngamia wa Mzee Dabaso akatokea kwenye skrini, alama ya moto shavuni.

Karatasi ilipochapishwa, Hamdi alipanda pikipiki pamoja na mzee hadi sokoni. Ngamia alikuwa ameshafungwa kamba, akivutwa kuelekea lori. Wanakamati walilinganisha karatasi na shavu lake, kisha mmoja akaikata kamba. Mzee alimkumbatia ngamia shingoni, akalia mbele ya watu wote.

Hamdi aliporudi, mwalimu alikuwa bado ameketi mbele ya mashine.

"Ulifuta kwa kutojua," alisema. "Hilo ningelirekebisha kwa dakika tano, kabla mzee yule hajamaliza hata kikombe cha chai. Lakini uliposema hakuna aliyegusa, ulinipa ugonjwa ambao haupo niutibu asubuhi nzima. Kilichokaribia kumchinja ngamia si kosa lako, Hamdi. Ni jibu lako."

"Nisamehe, mwalimu."

"Nimekusamehe. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Ukweli uliochelewa leo umemkuta ngamia mlangoni mwa lori. Kesho huenda usimkute."