Muwasho Kwenye Kola ya Bibi

Nyinyi mnaopenda kusema "ngoja, nitamwonyesha," sogeeni hapa. Haya yametokea hapa hapa Sogndal, kwetu Norwei, nyumba ya pili kutoka kwangu, na mimi Borghild sitayamung'unya maneno.

Ilikuwa asubuhi ya theluji, na nyumbani kwa Solfrid kulikuwa na amani. Binti yake Tuva, mtoto wa miaka mitano mwenye pumu ya ngozi tangu uchanga, alikuwa amelala usiku mzima bila kujikuna. Amani ile ilitafutwa. Solfrid alimwogesha kwa maji ya uvuguvugu, akamkausha kwa kumgusagusa bila kumsugua, akampaka mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu, na palipo pekundu akapaka dawa ya daktari. Kucha zilikatwa fupi, nguo zilikuwa za pamba. Viwiko vya Tuva vilianza kuwa laini kama vya watoto wengine.

Basi Solfrid akarudi kazini kwenye duka la mikate, na mtoto akabaki na Gunnvor, mama mkwe wake. Mume mwenyewe, Steinar, muda mwingi yuko baharini, kwa hiyo vita vilikuwa vya wanawake wawili.

Tunajijua sisi watu wa huku. Mtoto kabla hajapewa jina ameshafumiwa fulana ya sufu, na sharti iguse ngozi. Gunnvor alifuma kwa uzi wa kondoo wake mwenyewe, uzi mgumu unaochoma. Kila Solfrid akitoka, bibi alimvua mtoto pamba akamvika sufu. Na ile dawa ya daktari aliitia motoni, maana alisikia watu wakisema inakula ngozi.

Mtoto akaanza kujikuna upya, mashuka yakawa na damu. Solfrid alidhani ni baridi, mpaka siku aliporudi mapema akaikuta ile fulana.

"Mama, hii nini?"

"Nguo. Alikuwa anatetemeka na hicho kitambaa chako cha kuchujia jibini."

"Si nilikwambia sufu inamchoma? Na daktari alikwambia."

"Daktari gani? Yule niliyemfuta kamasi mwenyewe utotoni mwake? Sufu imelea ukoo huu mzima, mkwe wangu. Hakuna aliyekufa."

"Na dawa yake iko wapi?"

"Nimeichoma. Mnaidekeza ngozi, ndiyo maana inadeka."

Hasira ya Solfrid ilikuwa ya haki. Hata mimi ningerusha sufuria. Angeweza kumwambia Steinar. Angeweza kumpeleka Gunnvor kwa muuguzi akaelezwe, au kumtafutia mtoto mlezi mwingine. Hakufanya hata moja. Alinikuta kwenye uzio akaniambia, "Borghild, nataka aonje. Ajikune mbele za watu, kama mwanangu anavyojikuna."

"Achana na hayo. Mpigie mumeo."

"Wewe hulali na mtoto anayejichuna," akanijibu, akaenda zake.

Mnazijua zile nywele zilizo ndani ya matunda ya waridi mwitu. Utotoni tulitiana shingoni tukacheka, maana zinawasha kama upupu. Solfrid alikuwa na mtungi wa matunda hayo, ameyakausha kwa chai. Mkesha wa Siku ya Taifa, Gunnvor alipoleta vazi lake la jadi la sufu linyooshwe kwa pasi, Solfrid aliyapasua, akazikwangua zile nywele, akazisugulia ndani ya kola. Alinisimulia baadaye kwamba alikuwa anaimba.

Kesho yake watu walijaa barabarani na bendera. Gunnvor akaanza kujinyonganyonga ndani ya vazi lake zuri.

"Kuna kitu kinanila shingoni," akasema.

Solfrid alitabasamu. "Ni sufu hiyo, Mama. Vumilia. Hakuna aliyekufa."

Raha aliyoisikia hapo haikudumu. Bendi ilikuwa inapita, na Tuva mfupi haoni kitu. Akainua mikono. "Bibi, nibebe." Gunnvor akamnyanyua, na mtoto akalaza shavu kwenye kola ile ile.

"Nipe mtoto," akasema Solfrid.

"Mwache, ametulia."

Hapo, wenzangu, neno moja lingetosha. Lakini kusema ni kujianika mbele ya mji mzima. Solfrid akanyamaza, bendi ikapita yote.

Jioni uso wa Tuva ulikuwa umevimba, na alijikuna mpaka akajichana. Vidonda vikaingiwa na vijidudu, homa ikapanda, wakamkimbiza hospitali. Daktari akauliza ni kitu gani kimegusa ngozi hii. Solfrid akalia, akasema yote, mtoto kitandani anasikia, bibi kitini anasikia, shingo yake bado nyekundu.

Gunnvor hakupaza sauti. "Mimi nilimvika sufu kwa ujinga wangu, na nitaubeba ujinga huo. Wewe ulikuwa unajua. Nimembeba, na wewe unanitazama."

Tuva alipona, amebaki na kovu chini ya sikio. Gunnvor siku hizi ananawa mikono, anapaka mafuta na dawa kama daktari alivyomwelekeza, na fulana za sufu amezifungia sandukuni. Solfrid akifungua kopo la mafuta, mtoto anarudi nyuma mpaka ukutani.

"Sitaki wewe," anasema. "Anipake bibi."

FUNZO

Ngozi ya mgonjwa si uwanja wa kupimana ubavu. Bibi, desturi yako ni nzuri, lakini mtoto akikwambia inamchoma, mvue, na dawa ya daktari usiichome kwa maneno ya watu. Na wewe uliyekosewa, sema, shtaki, mwondoe mwanao hapo. Usilipize. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema wahenga, ila Solfrid alikichimba na aliyeingia ni mwanawe.