Oveni ya Ebla Nayo Hupumua

Ukifika mtaani na kuuliza nani anayeoka doolsho, ile keki ya iliki inayoliwa na chai ya maziwa, utaelekezwa kwa Ebla. Hata mtoto mdogo atakuonyesha mlango. Na kama ni siku ya kuoka, huna haja ya kuuliza mtu. Fuata harufu tu.

Ebla alikuwa mke wa Dagane, dereva wa lori la kupeleka maji Dadaab. Waliishi na mama yake Dagane, bibi Abshiro, mwanamke mwenye maneno mengi na huruma nyingi zaidi. Wakati huo Ebla alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Kwa hiyo hii ya tatu ililindwa na nyumba nzima. Abshiro alimkataza kubeba ndoo. Dagane alimkataza kuburuta magunia ya unga. Ebla alikubali yote, lakini kuoka hakuacha. Oveni ile ya gesi aliinunua kwa jasho lake, na hakutaka mtu aiguse.

Jiko lao lilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja. Dirisha lilitazama barabara ya malori. Lori moja likipita, vumbi linatua juu ya unga. Tena wapita njia walikuwa wakichungulia ndani, naye Ebla kwa joto lile alipenda kuoka bila mtandio kichwani. Basi dirisha likafungwa, na likabaki limefungwa.

Oveni yenyewe Dagane aliisukuma mpaka ikagusa ukuta, ili meza ya kukandia ipate nafasi. Juu ya oveni, upande wa nyuma, palikuwa na mwanya mrefu mwembamba. Hewa ya moto ilitoka hapo, na vumbi liliingia hapo. Ebla aliutazama mwanya ule akaona ni hasara tupu.

"Joto langu linapotea bure," alisema. Akaufunika kwa karatasi ya foili na kuibana vizuri pembeni. Alijisifu kwa kazi ile. Ilikuwa kazi safi kweli, ila alikuwa hajui mwanya ule uliwekwa kwa nini.

Baada ya hapo kichwa kikaanza kumuuma. Hakikumuuma kila siku. Kilimuuma siku za kuoka. Kilianza taratibu, kikawa kinagonga, kisha kichefuchefu kikafuata.

"Ni mimba hiyo," Abshiro alimwambia. Nyumbani walizungumza Kisomali. "Nilipokuwa na mimba ya Dagane sikuweza hata kunusa nyama."

Kichwa kilipozidi, Abshiro alibadilisha mawazo. "Hapana, hooyo, mwanangu. Hili ni jicho. Watu wanakula doolsho zako, wanazisifu, na hakuna anayesema mashallah."

Dawa ya jicho Abshiro aliijua. Alileta dabqaad yake, chetezo cha udongo. Alitia makaa yenye moto, na juu ya makaa akatia uunsi, ubani uliochanganywa na sukari na manukato. Na uunsi, kama ajuavyo kila mwanamke wa huko, hauchomwi mlango ukiwa wazi. Moshi wake hufungiwa ndani, ushike kwenye nguo na kuta. Abshiro alifunga mlango wa jiko, akaziba upenyo wa chini kwa kitambaa. Yeye mwenyewe aliketi ndani kwenye kigoda, akisoma dua, huku Ebla akioka.

Jiko lilinukia vizuri mno. Kichwa kiliuma vibaya mno.

Kitu kingine Ebla alikiona, lakini hakukitilia maanani. Moto wa oveni zamani ulikuwa wa bluu. Sasa ulikuwa wa njano, na trei zilianza kushika masizi. Yeye alidhani moto umepata nguvu.

Harusi ya Hinda, mdogo wake Dagane, ilipokaribia, Ebla alianza kuoka mapema asubuhi. Oveni haikupumzika, na dabqaad ya Abshiro ikakaa pembeni. Ebla aliona meza inasogea. Alishika ukingo wa meza, akajikaza, akamimina mchanganyiko wa keki kwenye trei nyingine.

"Hodi! Ebla! Doolsho yangu iko tayari?"

Alikuwa Katunge, jirani wa nyumba ya mbele. Katunge alitoka Kitui, na alifundisha mapishi katika chuo cha ufundi. Alifungua mlango wa jiko, akasimama palepale. Alimwona Ebla ameshika meza kwa mikono miwili. Alimwona Abshiro ameinamisha kichwa magotini.

"Tokeni nje!" alipiga kelele. "Mama, simama! Toka! Ebla, wacha hiyo trei!"

Aliizima oveni, akamshika Ebla kwapani, akamvuta mpaka uani. Akarudi akamtoa Abshiro. Aliwaketisha kivulini penye upepo. Mlango wa jiko akauacha wazi kabisa.

"Ni nani anaumwa na kichwa?" aliuliza.

"Ni mimba tu, mwalimu," Ebla alijibu. Maneno yalimtoka kwa shida. "Mimba nasumbua mimi. Si kitu."

"Hata mimi kichwa iko nauma," Abshiro alisema kwa Kiswahili chake. "Wallahi, tangu asubuhi. Sasa hata mimi nimekuwa na mimba?"

Siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Katunge hakucheka.

"Mama umesema kweli kuliko unavyojua," alisema. "Kama kichwa kinawauma wote wawili, na kinauma mkiwa jikoni, basi si mimba. Ni hewa ya humo ndani. Mmevuta sumu. Twende hospitali sasa hivi."

Ebla aliweka mkono tumboni. Mtoto wake alikuwa na kawaida ya kucheza asubuhi. Leo alikuwa hajacheza. Ebla alikumbuka mimba mbili zilizopita. Katunge aliuona mkono ule ulivyotulia tumboni, akaenda kutafuta tuktuk mbio.

Hospitalini waliwekewa barakoa za kuvutia oksijeni, Ebla kitanda hiki na Abshiro kile. Mkunga alipaka mafuta tumbo la Ebla, akasogeza kifaa cha kusikiliza. Akasogeza tena. Ebla alimtazama usoni bila kupepesa. Kisha sauti ikaja, mbiombio, bila kukatika.

"Huyu hapa," mkunga alisema. "Moyo unapiga vizuri. Lakini tutamwangalia mpaka kesho. Ile hewa humwumiza mtoto wa tumboni haraka kuliko mama. Mngechelewa, singekuambia maneno haya."

Ebla alilia. Upande wa pili Abshiro alisema alhamdulillah ndani ya barakoa, akasema tena na tena, mpaka muuguzi akamwomba apumue kwanza.

Waliporuhusiwa kurudi, Dagane alikuwa amefika kutoka Dadaab, vumbi la safari bado mwilini. Alitaka oveni itupwe nje siku hiyohiyo.

"Usiitupe," Katunge alimwambia. "Oveni haina makosa. Njoo nikuonyeshe. Wewe ni dereva, utanielewa upesi. Nikiziba ekzosi ya lori lako kwa matambara, itakuwaje?"

"Itazima," Dagane alisema. "Moshi ukikosa kutoka, injini itazima."

"Basi hii ndiyo ekzosi ya oveni." Katunge aligusa foili juu ya mwanya. "Gesi ikiungua, inatoa moshi. Huuoni, lakini upo. Unatakiwa utoke hapa, na hewa safi iingie chini badala yake. Ukiziba hapa, moto unakosa hewa. Unaungua nusunusu, unakuwa wa njano, unatoa masizi. Na unatoa ile sumu. Inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu."

"Lakini gesi natoa harufu," Ebla alisema. "Mtungi ikivuja mimi nasikia."

"Hiyo ni gesi ya mtungi. Imetiwa harufu makusudi, ili ujue inavuja. Hii nyingine hutoka kwenye moto wenyewe, na haikupi habari. Inaingia kwenye damu, inachukua nafasi ya hewa safi. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, unaishiwa nguvu. Ukilala humo, huamki."

Ebla alinyoosha mkono, akaibandua foili yeye mwenyewe. Alikumbuka alivyojisifu siku aliyoibandika, akaona haya.

"Nilifikiri nakamata joto," alisema.

"Wengi hufikiri hivyo," Katunge alimjibu. "Sasa hilo joto lenyewe. Dagane, mpira wa breki unaweza kuufunga kwenye ekzosi?"

"Mimi nina wazimu?" Dagane aliuliza. "Si utaungua!"

"Basi tazama nyuma ya oveni."

Dagane aliivuta oveni kutoka ukutani. Rangi ya ukuta ilikuwa imebabuka. Mpira wa gesi ulipita palepale moto ulipokuwa ukitafuta njia. Aliubonyeza kwa kidole. Ulikuwa laini, na una nyufa ndogondogo. Dagane ndiye aliyeupitisha pale.

"Moshi wa oveni hutoka na joto kali," Katunge aliendelea kwa upole. "Unatakiwa ukutane na hewa ya kawaida kwanza, uchanganyike nayo, upoe, halafu utoke nje. Ndiyo maana oveni huachiwa nafasi nyuma, kama mtengenezaji anavyoagiza. Hapa mlipoisukuma hakuna hewa ya kuupoza. Unachoma ukuta, unachoma mpira. Mpira ungepasuka, tusingekuwa tunazungumza habari ya kichwa."

Abshiro alikuwa akisikiliza mlangoni. Alikohoa kidogo.

"Na uunsi?" aliuliza. "Utasema uunsi pia nabaya?"

"Uunsi ni mzuri, mama. Hata mimi naupenda. Makaa ndiyo mabaya. Makaa yakiungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa sumu ileile. Mlikuwa mnaongeza moshi juu ya moshi, na harufu nzuri ikawafanya mdhani hewa ni safi."

Abshiro aliichukua dabqaad yake pale pembeni, akaipeleka uani.

"Lakini dirisha, mwalimu?" Ebla aliuliza. "Vumbi nakuja. Watu naangalia mimi. Siwezi fungua."

Hapo Katunge alikitazama chumba. Kumwambia mtu fungua dirisha ni rahisi. Lakini Ebla ndiye atakayekaa na vumbi na macho ya watu.

"Tutoboe matundu ukutani," alisema mwishowe. "Mengine juu, chini ya paa, hewa ya moto itoke. Mengine chini karibu na sakafu, hewa safi iingie. Upande huu wa uani, si wa barabarani. Tuweke wavu mwembamba kupunguza vumbi. Hakuna atakayekuona. Huo wavu uusafishe kila wiki, usizibe. Na ukioka, mlango wa uani ukae wazi."

Dagane hakungoja kuambiwa mara mbili. Alileta fundi wa mawe, matundu yakatobolewa. Fundi wa gesi akasafisha vichomeo vya oveni na kufunga mpira mpya. Aliupitisha chini, ubavuni mwa oveni, mbali na joto. Kisha akapaka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu halikutoka, kwa hiyo gesi haikuvuja. Oveni iliachiwa nafasi nyuma, meza ya kukandia ikahamia uani. Walipowasha, moto ulikuwa wa bluu.

Doolsho za harusi ya Hinda ziliokwa katika jiko lile. Ebla alioka bila kichwa kumgonga, na tumboni mtoto alicheza. Kitu kimoja kilimshangaza. Keki ziliiva vizuri kuliko zamani. Joto alilodhani analiokoa lilikuwa linaharibu keki zake pia.

Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye sauti kubwa. Wakamwita Kaaha. Ebla aliingia arobaini yake, siku zile ambazo mzazi na mtoto hukaa ndani bila kutoka. Na arobaini ya Kisomali haikosi uunsi. Chumba hufukizwa asubuhi na jioni, pazia limeshushwa.

Wanawake wa ukoo walikuja na Rukiyo, dada yake Abshiro, akiwa mbele. Mkononi alibeba dabqaad kubwa, makaa yamewiva mekundu. Ebla aliwaona akiwa kitandani. Alitazama dabqaad, akamtazama mtoto ubavuni mwake. Angewezaje kuwakataza wakubwa wake?

Abshiro aliinuka kabla yake. Alisimama mlangoni, akaweka mkono huku na mkono huku.

"Hiyo haiingii hapa," alisema.

"Abshiro, umerogwa?" Rukiyo alishangaa. "Mtoto akae arobaini bila uunsi? Wewe ndiye uliyetufundisha!"

"Niliwafundisha kabla sijajua. Makaa yanabaki uani. Leteni nguo za mtoto, tuzifukize hukohuko penye upepo. Zikishanukia tutamvika. Kwani ataupata uunsi nusu?"

Rukiyo alitaka kubishana. Alimtazama Abshiro usoni, akaacha. Wanawake walirudi uani na dabqaad yao, wakazizunguka nguo ndogo kwa nyimbo na vigelegele. Baadaye Abshiro aliingia na kijigauni kilichonukia, akamvika mjukuu wake taratibu. Halafu akaenda dirishani, akalifungua, akashusha pazia jepesi mbele yake.

Ebla alimsogeza mtoto karibu. Kaaha alipiga chafya, akavuta pumzi, akalala.