Nyanchera na Madabodi ya Mama

Kila siku akitoka shule, Nyanchera hakwenda nyumbani moja kwa moja. Aliteremka kilima cha Nyanchwa hadi mjini Kisii, kwenye chumba kidogo ambamo mama yake, Persis, alipiga chapa barua na mitihani ya shule kwa kompyuta. Alifagia, akapanga karatasi, kisha wakapanda kilima pamoja.

Wiki hiyo hapakuwa na karatasi za kupanga. Radi, mgeni asiyesubiri kualikwa huko Kisii, ilikuwa imepiga waya wa stima na kuunguza madabodi, ile bodi inayobeba viungo vyote vya kompyuta, pamoja na prosesa yake, ule ubongo wake. Fundi Orwa aliikagua akasema iliyopona ni memori tu, vibao vya kumbukumbu. Na mitihani ya shule tatu ilitakiwa Jumatatu asubuhi. Mama akishindwa, wateja hao wangehamia kwingine, na karo ya Nyanchera ilitoka kwao.

Mama alimtuma dukani kwa Mzee Jagdish, muuza vipuri vya kompyuta, akaulize ni madabodi ipi na prosesa ipi zingewafaa kwa akiba iliyopo. Mzee alimweleza polepole. Prosesa ya Pentium Two ilikuwa na kasi, lakini madabodi yake haikubali memori yao ya zamani. Ingebidi wanunue memori mpya, na akiba isingefika huko. Pentium ya kawaida ingekubali memori waliyo nayo, na baadaye madabodi yake ingeweza kupokea prosesa yenye kasi zaidi.

Nyanchera alisikia vizuri sana. Taabu ni kwamba alikuwa amekwisha kumtambia Mokeira, mwenzake wa darasa la saba, kwamba mama yake ataleta Pentium Two, ya kwanza mtaa ule. Mdomo ulikuwa umetangulia, na sasa ulimvuta. Akamwambia mama kwamba Pentium Two ndiyo bora, na pesa zinatosha. Habari ya memori akaimeza.

Ijumaa jioni waliingia dukani mbiombio. Jua lilikuwa linashuka, na familia yao, kama Waadventista wengi wa Nyanchwa, haikununua wala kuuza Sabato ikishaingia. Na Jumapili duka halikuwa likifunguliwa. Mzee Jagdish alikuwa safarini, na mwanawe Aakash hakujua lolote la mazungumzo yale. Aliiweka Pentium Two kaunta, akawakumbusha kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Mama akafungua kibeti, akaanza kunyoosha noti. Nyanchera aliogopa aibu ya kusema, lakini aliogopa zaidi Jumapili, Orwa atakapofungua boksi akute hakuna la kufanya.

Aakash akanyoosha mkono apokee.

"Mama, usilipe," Nyanchera alisema. "Memori yetu haiingii kwa hiyo. Mzee aliniambia. Mimi nilikuficha habari hiyo."

Mama alimtazama bila kupepesa macho, kisha akamgeukia Aakash na kuomba ile ya kawaida. Njia nzima ya kupanda Nyanchwa alitembea mbele peke yake, na mgongo ule ulimchoma Nyanchera kuliko kiboko. Kesho yake, baada ya kanisa, alimweleza mama yote, hata majigambo yake kwa Mokeira.

Jumapili Orwa alifunga madabodi mpya, akapachika memori ya zamani, akawasha. Kioo kilibaki cheusi. Nyanchera akashika ukingo wa meza. Kisha herufi nyeupe zikatokea, na machozi yakamtoka. Mama akaketi akaanza kupiga chapa, ukurasa baada ya ukurasa.

Alipomaliza mtihani wa mwisho, alimwita binti yake karibu.

"Mtu hujikuna ajipatapo," alisema. "Kompyuta ya kawaida inayowaka itatulisha, ya fahari isiyowaka ni pambo. Lakini kuna kubwa zaidi. Nilikutuma uwe masikio yangu. Ukiniletea nusu ya uliyosikia, umeniziba masikio yote mawili."

"Nisamehe, Mama."

"Nilikusamehe pale pale dukani, ulipofungua mdomo." Akafunga mitihani kwa kamba, akamwekea mikononi. "Kesho utaipeleka wewe. Walimu wakikupa ujumbe, niletee wote."